Kwa nini tunamcheka Jack

Mwezi uliopita tulionyesha Titanic kwenye ukumbi wa vijana, ile ya James Cameron ya 1997. Ina masaa matatu na zaidi, jenereta ilikunywa mafuta mpaka nikaogopa. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri kwa maikrofoni. Jack alipoanza kufa, ukumbi mzima ukacheka. Dada mmoja wa shirika, mgeni hapa, akaniuliza pembeni kama kuna tatizo. Nikamwambia hapana dada, hakuna. Sikuwa na jibu zuri siku ile, ndiyo maana naandika.

Tukubaliane kwanza kwamba mapenzi ya ile filamu ni kichekesho, ingawa walioitengeneza hawakutaka iwe hivyo. Meli inazama, maji yanapanda, na Cal, mchumba wa Rose, anashika bastola na kuwafukuza wapenzi ngazi kwa ngazi mpaka risasi zinamwishia. Halafu anakumbuka kwamba ile almasi kubwa iko kwenye mfuko wa koti, na koti alimvika Rose yeye mwenyewe. Anaanza kucheka. Sisi tukamsaidia. Kijana mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Bwana, tafuta boti!" Sijasikia uhakiki wa Cal unaoushinda huo.

Halafu yale majina. Jack! Rose! Jack! Kesho yake watoto walikuwa wanaitana hivyo kwenye foleni ya maji, madumu mkononi, wanalegea mmoja mmoja na kuanguka.

Lakini hotuba ya Jack ndiyo iliyonimaliza. Yuko kwenye maji ya barafu, kichwa tu ndicho kiko juu, na anampangia Rose maisha yote: atatoka pale, atazaa watoto, atawaona wakikua, atakufa mzee kitandani kwake. Nilijaribu kutafsiri kwa sauti ya huzuni, nikashindwa, nikazima maikrofoni. Mtu ambaye meno yanagongana hapangi maneno hivyo. Na ule ubao! Anajaribu kupanda mara moja, unapinduka, basi, amekubali kufa. Mara moja tu. Mwaka 2023 Cameron mwenyewe alionyesha majaribio aliyofanya na watu wawili kwenye maji baridi, akakiri kwamba huenda Jack angepona. Hapa tungemwambia bila majaribio. Wengi waliokaa pale ukumbini walivuka Ziwa Tanganyika usiku, kwenye mitumbwi iliyojaa kupita kiasi.

Koko mmoja aliyekaa mbele na mjukuu wake alicheka kuliko wote. Kesho yake nilimuuliza kwa nini.

"Mwanangu, siku ile yetu hakuna mtu alisema neno. Hata watoto hawakulia. Huyo kijana muda wa kuongea aliutoa wapi?"

Mwenzangu mmoja kazini anasema tunacheka ili kuficha maumivu. Inawezekana kwa wengine. Lakini angalia ni wapi tunacheka na ni wapi hatucheki.

Kabla ya hapo kuna sehemu ya abiria wa daraja la tatu. Wamefika juu ya ngazi, geti limefungwa, wafanyakazi wa meli wako upande wa pili na wanawaambia wasubiri. Nilipotafsiri "subirini", niliisikia sauti yangu mwenyewe kwenye spika, maana hakuna aliyekohoa. Hilo neno tunalijua. Meli yenyewe ilikuwa na boti 20 za kuokolea watu, nafasi 1,178, na ndani yake watu zaidi ya 2,200. Ilipozama Aprili 1912, waliopona wa daraja la tatu walikuwa kama robo tu.

Halafu anaonekana mama mmoja kule chini. Amewalaza wanawe wawili kitandani, anawasimulia hadithi ili walale kabla maji hayajafika. Inapita haraka sana, na filamu haikumpa hata jina. Koko aliinuka akatoka nje.

Hapo ndipo namlaumu Cameron. Alijua kusema kweli, akaisema kwa sekunde chache, kisha akakimbia kurudi kwa wapenzi wake wenye pumzi nyingi. Tunamcheka Jack kwa sababu dakika chache nyuma tumemwona yule mama.

Mwishoni Rose, sasa ni bibi kizee, anaitupa almasi baharini usiku, kwa siri. Ukumbi ukalipuka, na safari hii ilikuwa hasira ya kweli. Mzee mmoja alisimama akamwita mwizi. Koko alikuwa amesharudi kwenye kiti chake. Alitaka kujua jambo moja tu: yule mjukuu wa Rose, anayemtunza na aliyemsindikiza mpaka kule melini, alijua bibi yake amebeba nini?

Nikamwambia hakujua.

"Maskini," akasema, akamshika mjukuu wake mkono wakaenda.