Heko kwa Watunza Majani Makavu

Wanaotunza hebaria, yaani maghala ya mimea iliyokaushwa, hawasifiwi vya kutosha. Mimi nawapa heko, na ushahidi wangu ni mti mmoja: chesnati-farasi, Aesculus hippocastanum, ndugu wa miti ya bakai ya Marekani.

Umepandwa kando ya barabara kote Ulaya, lakini kwao porini ni milima ya Balkani. Miaka ya 1980, karibu na Ziwa Ohrid, ulionekana ukishambuliwa na viwavi wa nondo mdogo sana, ambaye hakuwa na jina la kisayansi hadi 1986. Mji baada ya mji, majani yakawa ya kahawia katikati ya kiangazi. Mdudu huyu katoka wapi?

Jibu lilikuwa kabatini. Mwaka 1879 Theodor von Heldreich alichuma majani ya miti ya porini huko Ugiriki, akayabana kati ya karatasi hadi yakakauka. Ndani ya majani yale, penye madoa, viwavi walibanwa pamoja nayo. Watafiti wakatoa vinasaba vyao, na mwaka 2011 wakatangaza: ni nondo yuleyule. Alikuwa Balkani miaka mia moja kabla ya kutambuliwa!

Heldreich alikuwa mtu wa mimea, si wa wadudu. Mtunzaji mwingine angeyatupa majani yenye madoa, akabakiza yale ya kupendeza macho. Hawa waliyaweka, wakapambana na unyevu na wadudu waharibifu kwa zaidi ya karne, na lebo yenye mahali na tarehe ikabaki inasomeka.