Serikali Ipi Inasema? Uhakiki wa Hoja za Mawakili wa Serikali katika Mashauri Mawili ya Fao la Kukosa Ajira

Shauri la Sherbert dhidi ya Verner, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1963, kwa kawaida husomwa kama shauri la uhuru wa dini. Sehemu hii inalisoma kwa kumtazama wakili wa serikali.

Adell Sherbert, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo huko South Carolina na Muadventista wa Sabato, aliachishwa kazi kwa kukataa kufanya kazi Jumamosi, kisha akanyimwa fao la kukosa ajira. Mbele ya Mahakama ya Juu, mawakili wa jimbo walidai kwamba kumlipa kungewapa mwanya walaghai wanaosingizia dini, na mfuko ungedhoofika. Hoja hiyo haikuwa dhaifu yenyewe. Kasoro yake, kama alivyobainisha Jaji Brennan, ni kwamba haikuonekana kuwa ilitolewa katika mahakama ya juu ya jimbo, wala haikuwa na ushahidi wowote. Serikali ilisema kama mtunza hazina asiye na daftari. Isitoshe, sheria ya jimbo hilohilo iliwalinda waliokataa kwa dhamiri kazi ya Jumapili. Ni vigumu kuona wakili angelielezaje hilo.

Katika shauri la Employment Division dhidi ya Smith (1990), hali iligeuka. Washauri wawili wa kituo cha tiba ya waraibu walifukuzwa kazi kwa kutumia peyote katika ibada ya Native American Church, wakanyimwa fao. Mahakama ya Juu ya Oregon ilikuwa imeona kwamba maslahi ya serikali hapo ni fedha za mfuko tu. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Dave Frohnmayer, alisimamia sheria ya jinai badala yake, akashinda.

Ni rahisi kuuona ushindi huo kuwa tunda la uwakilishi bora. Mtafiti hakubaliani. Kwanza, Mahakama ilikataa kutumia kipimo cha Sherbert kwa misingi ambayo hakuna upande uliokuwa umeijadili kikamilifu. Pili, na hili ndilo zito zaidi, waombaji hao hawakuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote la peyote. Idara ya ajira ilipewa sauti ya mwendesha mashtaka ambaye mwenyewe alikuwa kimya. Mwaka 1991, Bunge la Oregon liliwapa utetezi wa kisheria wanaotumia peyote katika ibada.