Ngome ya Mfalme Henri Juu ya Mlima

Wasomaji wetu wamekwisha kusikia habari za ngome zilizojengwa na wageni ili kuwashika wenyeji, kama ile ya Mombasa iliyoanzwa na Wareno mwaka wa 1593. Leo twataka kutazama ngome ya namna nyingine, iliyojengwa na watu waliotoka utumwani, ili wasirudishwe huko. Jina lake ni Citadelle Laferrière, nayo iko katika nchi ya Haiti, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Wengi huisifu kwa kuhesabu mizinga yake tu. Sisi twapenda kuipima kama mwashi apimavyo ukuta wa mwenziwe, yaani kwa timazi.

Watu wa Haiti asili yao ni Afrika. Wengi walitoka Kongo na pwani ya Gine, na wengine walichukuliwa hata Msumbiji, upande wetu huu. Wakauvunja utumwa kwa silaha. Mwaka wa 1802 jeshi kubwa la Napoleon lilifika kuwatiisha, na mwaka ule ule utumwa ukarudishwa katika Guadeloupe, kisiwa kingine cha Wafaransa katika bahari zile. Wahaiti walishinda, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru wao. Basi asiseme mtu kwamba waliogopa kivuli. Henri Christophe, mmoja wa majemadari wao, aliianza ngome karibu na mwaka wa 1805. Akawa mfalme mwaka wa 1811. Na kazi ikaendelea mpaka mwaka wa 1820.

Shauri lao lilikuwa hili: adui akija kwa merikebu, miji ya pwani ichomwe moto, watu wapande milimani na kupigana kutoka huko. Christophe mwenyewe aliuchoma mji wa Le Cap mwaka wa 1802, akaanza na nyumba yake. Kwa hiyo ngome iko mbali na bahari, kadiri ya maili 17 kusini ya mji huo, ambao sasa huitwa Cap-Haïtien, juu ya kilele cha futi 3,000 hivi.

Apandaye kutoka Milot huona kwanza buruji moja kubwa lenye ukingo mkali kama omo ya jahazi, kana kwamba merikebu imekwama mlimani. Hapo twaiona akili ya mafundi. Hawakuusawazisha mlima, bali waliufuata. Kuta zimeota katika mwamba, hata ni vigumu kutambua jiwe la Mungu limekoma wapi na la mwashi limeanza wapi. Kwenda juu hufika futi 130, na unene wake mahali pengine ni futi 13. Ndani mna vyumba virefu vya mizinga, safu juu ya safu. Mizinga mingi ina alama za wafalme wa Ufaransa, Uingereza na Hispania, majeshi yaliyokuja kutawala yakaondoka bila silaha zao. Risasi zake, madonge ya chuma, hata leo zimepangwa mafungu mafungu uani.

Lakini sisi twamsifu fundi kwa maji kuliko kwa mizinga. Kileleni hakuna mto. Maji ya mvua hukusanywa kutoka mapaa na kuongozwa kwa mifereji mpaka mabirika makubwa, na ghala zilikusudiwa kuweka chakula cha watu 5,000 kwa mwaka mzima. Ngome ngapi zimefunguliwa na kiu, wala si na adui! Aliyefikiri habari ya birika kabla ya kufikiri habari ya bendera alijua kazi yake.

Yako masimulizi ambayo hatuwezi kuyatilia muhuri. Husemwa chokaa ilichanganywa na damu ya ng'ombe, na kwamba mfalme aliwaamuru askari watembee mpaka ukingoni na kuanguka, ili mgeni aone utii wao. Wengine husimulia hayo kwa furaha, kana kwamba mtu mweusi hawezi kujenga ukuta imara pasipo uchawi au wazimu. Ukuta ulisimama kwa sababu ya chokaa nzuri na waashi hodari. Yatosha.

Hata hivyo timazi lina upande wa pili. Husemwa watu 20,000 walifanya kazi pale, tena kwa shokoa. Sheria ya Mfalme Henri ya mwaka wa 1812 ilimpa mlimaji robo ya mavuno, walakini ilimfunga katika shamba alilopangiwa. Sisi tuliopata kubeba mawe kichwani siku za kujenga shule twajua jiwe la hiari na jiwe la lazima hayana uzito mmoja, ingawa mizani husema ni sawa. Wala hatumwiti Christophe mtu mbaya tu. Aliandikiana barua na Wilberforce na Clarkson, maadui wa utumwa, akaleta walimu kutoka Uingereza, akafungua shule. Mwalimu hawezi kuyasahau hayo. Lakini waliopandisha mizinga ile mlimani walikuwa wamepigana ili wasiamriwe hivyo tena.

Mwezi wa Agosti 1820 mfalme alipatwa na kipooza akiwa kanisani. Askari wake wakaasi, na tarehe 8 Oktoba akajiua kwa bastola. Adui aliyemwangusha hakuja na merikebu, na kuta za futi 13 hazikuwa na la kufanya. Tena mwaka wa 1825 merikebu za vita za Wafaransa zilifika Port-au-Prince, zikadai faranga milioni 150 kuwa bei ya kuukubali uhuru wa Haiti. Rais Boyer akakubali kulipa. Mizinga ya mlimani haikuwa imepigwa hata mara moja juu ya Wafaransa.

Tetemeko la nchi la mwaka wa 1842 liliangusha jumba la mfalme, Sans-Souci, lililo chini ya mlima. Ngome ilipata nyufa ikasimama, na mwaka wa 1982 UNESCO iliiandika pamoja na jumba hilo katika urithi wa dunia. Mwili wa Henri uliletwa kwa siri usiku ule wa kifo chake, ukapandishwa njia ile ile ya mawe, ukazikwa katika chokaa ndani ya ngome.