Kuta za Mawe na Nyumba za Udongo: Tahakiki ya Uchimbuzi wa Kilwa

Mwacha asili ni mtumwa, wamenena wahenga. Lakini asili ya taifa haipatikani kwa kutamkwa tu. Hutafutwa, na sehemu yake kubwa imefukiwa ardhini. Kwa hiyo kazi ya wachimbuzi wa mambo ya kale haifai kuachiwa wataalamu peke yao. Yatupasa sisi walimu na wanafunzi kuihakiki kama tuhakikivyo kitabu chochote, kwa kuuliza: mchimbuzi alichimba wapi, alikuwa akitafuta nini, na je, hukumu aliyoitoa inalingana na ushahidi alioufukua?

Tuchukue mfano wa Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na ambao Wareno waliuteka mwaka 1505. Katika miaka ya 1960 Neville Chittick aliongoza uchimbuzi mkubwa kisiwani humo, na mwaka 1974 matokeo yake yakatolewa katika kitabu cha juzuu mbili. Kazi hiyo inastahili heshima. Chittick alipima majengo, akachora ramani, akapanga vigae na sarafu kwa kufuata tabaka za udongo. Kutokana na juhudi zake tunaufahamu vizuri zaidi Msikiti Mkuu, na pia Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, pamoja na birika lake la pembe nane.

Hata hivyo, kitabu hicho kina kasoro ambayo hatuwezi kuinyamazia. Mwandishi ametia uzito mwingi mno katika kufika kwa watawala kutoka kaskazini, kana kwamba kabla yao hapakuwa na jambo kubwa la kusimuliwa. Hakuwa peke yake katika mwelekeo huo. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi katika pwani ya Kenya mwaka 1948, aliandika mwaka 1964 kwamba magofu ya pwani si ya Waafrika, bali ni ya Waarabu na Waajemi waliofuata ustaarabu wa Kiarabu, watu ambao utamaduni wao ulikuwa mbali kabisa na ule wa wenyeji. Fikra hizo ziliingia vitabuni, na kutoka vitabuni zikaingia madarasani.

Sasa tuitazame ardhi yenyewe. Katika tabaka za chini kabisa za Kilwa, zilizotangulia majengo ya mawe, Chittick alikuta mabaki ya nyumba za kukandika, yaani za miti, fito na udongo. Alikuta mavi ya chuma, ushahidi kwamba watu wa hapo waliyeyusha chuma. Alikuta vigae vyenye vijifereji vilivyotumiwa kusugulia shanga za makombe ya baharini. Tena, katika miji yote hii, vigae vya vyungu vya kienyeji ni vingi mno kuliko vile vya vyombo vilivyoletwa kwa majahazi. Hata tarikhi ya kale ya Kilwa husimulia kwamba mgeni alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Na anunuaye hununua kwa mwenyewe. Basi ushahidi wa wenyeji ulikuwamo kitabuni tangu hapo. Kilichokosekana ni kuupa nafasi yake katika hukumu.

Chanzo cha kasoro hii ni rahisi kukieleza. Ukuta wa matumbawe na chokaa huonekana kabla hata sululu haijainuliwa, hali nyumba ya kukandika ikianguka huacha alama za mashimo ya nguzo, madonge ya udongo na weusi wa meko. Mchimbuzi anayefuata kuta atakutana na matajiri na watawala. Wavuvi, wafinyanzi, wahunzi na wakulima watabaki chini ya nyasi.

Wachimbuzi waliofuata walibadili utaratibu huo. Kuanzia mwaka 1980, Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya Msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti midogo iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ile ya mwanzo ikiwa ya miti na udongo, tangu karne ya 8. Hapo ilidhihirika kwamba jiwe lilichukua nafasi ya mti hatua kwa hatua, mahali palepale. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye alionyesha, katika miaka ya 1990, kwamba vyungu vya zamani vya pwani, vyenye nakshi za pembetatu, vina uhusiano na vile vya wakulima na wafua chuma waliowatangulia, na kwamba vinapatikana bara pia. Na huko Songo Mnara, jirani na Kilwa, tangu mwaka 2009 wachimbuzi wamechunguza hata viwanja vilivyo kati ya nyumba.

Lakini hatuna budi kujihadhari tusije tukaponya kosa moja kwa kosa jingine. Wapo waliotaka kumfuta mgeni kabisa, na ardhi haiwaungi mkono hao pia. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi katika mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mahali pamoja pa bara. Kwa wengi wa watu wa pwani, zaidi ya nusu ya urithi ulitoka Afrika, hasa kwa upande wa wanawake. Sehemu kubwa ya uliobaki ilitoka Asia, na zaidi kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000, wakati ambapo Shanga ilikuwa imekwisha kuwa na misikiti kwa miaka zaidi ya mia mbili. Wageni walikuja, wakaoa, wakazaa, na walikuta mji una wenyewe.

Wanafunzi wapelekwapo kwenye magofu, swali la kwanza huwa ni nani aliyejenga. Tunawashauri walimu waongeze mengine: nani alichoma chokaa, nani alifinyanga chungu, walikula nini, na wale ambao hawakuwa na nyumba ya mawe walilala wapi? Vilevile wawafundishe vijana wasiokote kigae wala shanga. Kitu kikiondolewa katika tabaka yake hakiwezi tena kutuambia kilitangulia nini na kilifuatwa na nini, na kwa mafukara wa Kilwa, ambao hawakuacha ukuta wala maandishi, vigae hivyo ndio ushahidi pekee walio nao.