Mlembe na Fungu Lake

Mlembe, ndege aongozaye watu kwenye asali ya mwituni, yupo hata pande za Mlima Meru. Hadithi yake, ijulikanayo sana Afrika Mashariki, yasema kuwa mrina asali asipomwachia fungu lake, safari ya pili ndege atampeleka kwa nyoka au simba. Wafasiri wengi huona humo maonyo juu ya choyo tu. Ufasiri huo ni mwepesi mno. Fungu lenyewe hasa ni nta, chakula ambacho ndege wachache huweza kukimeng'enya. Tena, utafiti uliotolewa mwaka 2014 waeleza kwamba Wahadzabe wa Eyasi, magharibi ya Meru, huifukia nta au kuichoma, ili mlembe abaki na njaa, azidi kuongoza. Hadithi, basi, imeusimulia ubishi huu kwa upande wa ndege.