Nusu Saa Bila Neno: Dassin na Melville, Nani Aliiba Vizuri Zaidi?

Aliyeangalia Mission: Impossible ya mwaka 1996 hajasahau jinsi Tom Cruise anavyoning'inia kwa kamba ndani ya chumba cheupe cha CIA. Sakafu haikanyagiki, sauti ikizidi kidogo tu king'ora kinalia, na tone moja la jasho nusura limponze. Brian De Palma aliliacha tukio lile karibu kimya kabisa, na wengi hudhani ujanja huo ulizaliwa pale. Kumbe ulikuwa na umri wa miaka 41. Ulitengenezwa Paris na Jules Dassin katika Rififi ya mwaka 1955. Miaka 15 baadaye Jean-Pierre Melville aliurudia katika jiji hilohilo, safari hii kwa picha ya rangi na kwa waigizaji wenye majina makubwa. Filamu yake ni Le Cercle Rouge ya mwaka 1970.

Tangu hapo wapenzi wa filamu za uhalifu wamegawanyika. Zote mbili zina wizi wa duka la sonara. Zote zinaendesha wizi huo kwa karibu nusu saa bila mtu kufungua kinywa. Zote zinaishia kwa wezi kufa. Basi ipi bora? Mimi niko upande wa Dassin, na sababu yangu haitokani na mapenzi. Imo katika namna kila mmoja alivyoujenga ukimya wake.

Deni la zamani

Dassin alikuwa Mmarekani aliyefika Ufaransa kwa kukosa pa kwenda. Mwaka 1951 alitajwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, na milango ya Hollywood ikafungwa. Alikaa muda mrefu bila kazi ndipo akaletewa riwaya ya Auguste Le Breton aitengenezee filamu kwa bajeti ndogo, bila nyota yeyote wa kuvuta watu. Riwaya yenyewe hakuipenda. Humo wizi unachukua kurasa chache tu, kisha hadithi inaendelea na mambo mengine. Dassin alifanya kinyume: aliushika ule wizi uliopitiwa haraka, akaupa robo nzima ya filamu.

Mwongozaji aliyefikiriwa kwanza kwa kazi hiyo alikuwa Melville. Yeye alikuwa na hamu ya kupiga picha ya wizi mkubwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini The Asphalt Jungle ya John Huston ilimtangulia mwaka 1950, halafu Rififi nayo ikamtangulia. Alipokuja kutengeneza Bob le flambeur mwaka 1956, Le Breton yuleyule akishirikiana naye katika maandishi, wizi ulipangwa mpaka mwisho lakini haukufanyika. Kwa hiyo Le Cercle Rouge ni kazi ya mtu aliyebeba wazo moja kwa karibu miaka 20. Ukiitazama unaiona subira hiyo, na unaona pia jinsi wazo lilivyokuwa limeganda mikononi mwake.

Somo kabla ya kazi

Ufundi mkubwa wa Rififi hauko ndani ya ile nusu saa. Uko katika dakika zinazoitangulia. Tony na wenzake watatu, Jo, Mario na César, wanajipatia king'ora cha aina ileile iliyofungwa dukani, wanakiweka mbele yao na kuanza kukichokoza. Mtikisiko kidogo tu, kinalia. Wanajaribu hiki na kile, wanashindwa, mpaka wanagundua kwamba povu la mtungi wa kuzimia moto likijazwa ndani yake linakinyamazisha. Wanauchunguza pia mtaa wenyewe: nani hupita saa ngapi, duka gani hufunguliwa lini, askari wa doria wanakuja kwa muda gani.

Anayeangalia kwa pupa ataona haya ni maandalizi tu. Kumbe Dassin anamfundisha mtazamaji sheria za mchezo. Baada ya jaribio lile, mtazamaji anamjua adui: adui ni mtikisiko. Anaijua dawa yake, na anajua kuwa dawa hiyo haiwezi kutumika mpaka mtu amefika chini dukani. Wizi ukianza hahitaji kuelezwa chochote. Nyundo iliyofungwa kitambaa ikigusa tindo, yeye mwenyewe anapima kama pigo limezidi. Mwavuli ukipenyezwa ukiwa umefungwa katika tundu dogo la sakafu ya nyumba ya juu, kisha ukafunguliwa upande wa chini ili udake vipande vya dari visidondoke dukani, hakuna mtu anayeuliza wa nini. Anashusha pumzi, maana jibu tayari analo.

Melville anakwenda njia nyingine. Corey, anayeigizwa na Alain Delon, anadokezewa kazi hiyo na askari jela muda mfupi kabla ya kuachiwa. Jansen, yaani Yves Montand, polisi wa zamani mwenye shabaha ya ajabu aliyeharibiwa na pombe, anaingia dukani amevaa kitajiri na kulikagua kama mteja. Baadaye tunamwona akiyeyusha madini na kujitengenezea risasi zake mwenyewe. Picha za Henri Decaë ni safi mno, rangi zimepozwa hadi kuwa za kijivu na buluu, na kila kifaa kinaonyeshwa kwa heshima. Lakini hapewi mtazamaji nafasi ya kuzigusa sheria za mchezo kama alivyopewa katika Rififi. Anaonyeshwa mengi kuliko anayofundishwa. Wizi ukianza, anafuata nyuma yao, akiwaamini kwamba wanajua wanachofanya.

Hapo ndipo pengo la kwanza linapoonekana. Kwa Dassin mtazamaji ni mwizi wa tano. Kwa Melville ni mgeni aliyeruhusiwa kuingia, akaambiwa asiguse kitu.

Ukimya uliojaa sauti

Watu husema tukio la Rififi ni kimya. Si kweli. Halina maneno na halina muziki, lakini limejaa sauti: kitambaa kikisugua mbao, pumzi za wanaume wanne wanaofanya kazi ya sulubu, kikohozi kinachomezwa, kidole kinachogusa piano kwa bahati mbaya na noti moja ikatapakaa chumba kizima. Sauti hizo zinashtua kwa sababu hakuna nyingine ya kuzifunika.

Na muziki ulikuwepo. Georges Auric, mtunzi wa muziki wa filamu hii, aliuandika kwa ajili ya tukio hili, akiamini kwamba nusu saa kavu haitavumilika. Dassin alimwonyesha tukio likiwa na muziki, kisha likiwa halina. Auric mwenyewe akakubali uondolewe. Uamuzi huo ni wa kiufundi, si wa madaha. Muziki humwambia mtazamaji lini aogope na lini atulie. Ukiuondoa, yeye ndiye anayeachiwa kazi ya kusikiliza, na atasikiliza kwa masikio ya wezi: kila mlio ni swali, umesikika nje au haukusikika?

Zaidi ya hapo, ukimya wa Rififi una ngazi. Kabla ya king'ora kujazwa povu, hata kipande cha plasta ni hatari. Kikishanyamazishwa, hatari inahamia kwa majirani na mtaani, na wezi wanapata nafasi kidogo: sasa kasha la chuma linaweza kuinamishwa, na keekee inaweza kulisaga kutoka mgongoni. Saa za mkononi zinaonyeshwa, alfajiri inakaribia, na hatari inabadilika jina: mwanzo ilikuwa mlio, mwishoni ni muda. Kwa hiyo nusu saa ile haikai mahali pamoja. Ina mwanzo, kati na kilele kama hadithi kamili, bila kutegemea hata sentensi moja ya mazungumzo.

Katika Le Cercle Rouge, mlinzi akishadhibitiwa na kufungwa, jiulize: hawa watu kwa nini hawaongei? Mitambo ya duka ni ya umeme, haitegi masikio. Wangeweza kunong'ona. Hawanong'oni kwa kuwa wanaume wa Melville hawanong'oni. Watetezi wake watasema ndiyo maana yake: wizi kwake ni ibada, na katika ibada mtu haulizwi sababu ya kunyamaza. Nawaelewa, na ibada ile inapendeza macho. Ila ibada haina mashaka ndani yake, na filamu ya wizi isiyo na mashaka imeacha mezani kitu chake cha thamani kuliko vyote.

Risasi ya Jansen

Pamoja na hayo, kuna dakika moja ambayo Melville anampita Dassin. Ili kuzima mitambo ya duka, Jansen lazima apige risasi kutoka mbali na ipenye tundu dogo la kitasa ukutani. Mara ya kwanza tulipomkuta mtu huyu alikuwa kitandani, ametawaliwa na pombe, akiona buibui, panya na mijusi wakimtambalia. Sasa anaweka bunduki juu ya stendi ya miguu mitatu, analenga taratibu, anarekebisha. Kisha, bila kumtazama mtu, anaichomoa bunduki kutoka kwenye stendi, anaiinua kwa mikono mitupu na kufyatua.

Hapa ukimya una kazi. Ule mkono uliokuwa ukitetemeka ndio unaojaribiwa, na sheria za jaribio hili tulifundishwa, maana ule usiku wa wadudu ulikuwa ndilo somo lenyewe. Baadaye Jansen anakataa mgawo wake wa mali. Alichokitaka amekwisha kukipata. Angalia kinachotokea: mara moja Melville anapotumia mbinu ya Dassin, ya kumwonyesha mtazamaji hatari mapema na kumwacha aibebe, tukio linasimama kuliko mengine yote katika filamu yake. Ushindi wake mkubwa unathibitisha hoja ya mpinzani wake.

Baada ya kazi

Wapo wanaoikosoa Rififi kwa kusema kwamba wizi ukiisha, filamu inashuka. Ni kweli kwamba baada ya nusu saa ile yanakuja mateso, utekaji wa mtoto na risasi, mambo ya kawaida ya filamu za wahuni. Lakini tazama chanzo cha maangamizi. César, fundi wa makasha, anayeigizwa na Dassin mwenyewe kwa jina la bandia la Perlo Vita, amejichukulia pete moja ampe mwimbaji anayempenda. Wanaume waliochunga hata unga wa plasta wanaangushwa na pete. Umakini wote ulikuwa kwenye kazi, na haukubaki wa kutumia katika maisha. Bila ile nusu saa ya nidhamu, kosa la pete lingekuwa dogo. Baada yake, linauma.

Katika Le Cercle Rouge kinachowaangamiza ni mtego wa Kamishna Mattei, anayeigizwa na Bourvil, mchekeshaji mpendwa wa Ufaransa aliyepewa hapa sura ya huzuni, na aliyefariki wiki chache kabla filamu haijatoka. Mtego huo unakuja kama majaliwa, kama filamu ilivyotangaza tangu maandishi yake ya mwanzo. Wizi ungeweza kufanywa vizuri au vibaya, mwisho ungekuwa uleule. Kwa hiyo nusu saa ya Melville haisukumi chochote mbele. Imekaa katikati ya filamu kama johari ndani ya sanduku la kioo.

Vipimo viwili

Msomaji anayetaka kuamua mwenyewe ana njia rahisi. Kwanza, azime sauti ya televisheni wakati wa wizi. Le Cercle Rouge itabaki karibu ilivyo, kwa sababu uzuri wake ni wa macho. Rififi itakufa palepale: nyundo itaonekana ikipanda na kushuka, lakini hakuna atakayejua kama imezidi nguvu.

Kipimo cha pili kinatoka kwenye vibanda umiza vyetu, ambako msimulizi hutafsiri filamu huku akiongeza yake. Mpe Le Cercle Rouge na atakusaidia: atakueleza risasi ni ya nini na kitasa kina kazi gani. Mpe Rififi na ataiharibu kwa neno lake la kwanza, maana kila alichotaka kueleza watu walikwisha kukijua tangu kwenye jaribio la king'ora, na sasa wanachotaka ni kusikiliza.

Ukiniuliza ipi inapendeza zaidi kuitundika ukutani shoti kwa shoti, nitasema ya Melville. Ukiniuliza ipi imejengwa vizuri zaidi, sina kigugumizi. Watetezi wa Melville wana risasi moja ya kujivunia. Dassin ana nusu saa nzima.