Mbingu ndani ya tufe

Kamera ya setilaiti hairushwi angani kabla ya kuonyeshwa mwanga ambao wapimaji wanaujua barabara. Mbingu yenyewe haifai kwa kazi hiyo, maana wingu moja likipita kipimo kimeharibika. Basi maabara hujitengenezea mbingu yake ndani ya tufe lenye uwazi, kifaa ambacho Mjerumani Richard Ulbricht alikieleza mwaka 1900 kwa ajili ya kupima taa.

Balbu hufichwa pembeni, zisionekane kutoka kwenye tundu la kutazamia. Mwanga hugonga ukuta mweupe, hurudi, hugonga tena na tena, mpaka haujulikani ulitokea wapi. Anayechungulia haoni balbu wala ukuta, na hawezi hata kukisia kina. Mimi nauhusudu ufundi huu kwa sababu hiyo: ukifanywa vizuri, jicho halipati pa kushika.

Weupe huo ni wa bariamu salfeti, au wa plastiki iitwayo Spectralon, nao hulindwa kwa wivu. Chukua tufe ambalo ukuta wake unarudisha 98% ya mwanga, na matundu yamekula 5% ya eneo la ndani. Weupe ukishuka hadi 97% tu, mwanga wa ndani hupungua kwa takriban 13%, kwani hasara ile hujirudia kila mwanga unapogonga. Ndiyo maana mafundi huvaa glavu. Mafuta ya kidole kimoja si jambo la kupuuza. Balbu nazo huwashwa mapema na kuachwa zitulie, mkondo wa umeme ukichungwa usiyumbe.

Rangi ina taabu yake. Waya wa balbu ya halojeni hufika kama kelvini 3,000, ilhali uso wa jua unakaribia 5,800. Bluu inakuwa haba, na bluu ndiyo mbingu yenyewe: hewa hutawanya mwanga wa nanomita 400 zaidi ya mara tisa kuliko ule wa 700. Hapo huongezwa taa za zenoni au za LED.

Na bado tufe lina kasoro ya kuwa na haki kupita kiasi. Mbinguni, ukitazama nyuzi 90 kutoka lilipo jua, mawimbi ya mwanga hutetema zaidi kwa mwelekeo mmoja. Tufe huufuta upendeleo huo wote. Kwa vyombo vinavyoutumia kupima vumbi na moshi wa angani, fundi husimamisha mbele ya tundu mabamba ya kioo angavu, kisha huyainamisha kidogokidogo, akiurudisha mwelekeo ule kwa kiasi anachokitaka.